Shajara ya mradi: msaidizi wa akili unde na madaftari ya makampuni

14 Julai 2025

Tumeanza rasmi. Lengo ni kwamba kikundi cha wazalishaji wa huku kanda ya kati kikipokea barua pepe ya mnunuzi wa nje, kiweze kuuliza kwa Kiswahili: kampuni hii ipo, iliandikishwa lini, ni ya nani, hesabu zake imezipeleka? Jibu litoke kwenye daftari la msajili wa nchi ile, lisitoke kwenye kumbukumbu za programu.

Wanaotusukuma ni wafugaji nyuki wa Manyoni na Itigi wanaouza asali na nta, wakamuaji wa alizeti wa Kibaigwa, na wafanyabiashara wa ufuta wanaopita ofisini kwetu hapa Dodoma na makaratasi mkononi. Wengi tayari wana msaidizi wa akili unde kwenye simu na wanamuuliza kila kitu, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Leo tulimuuliza msaidizi ambaye hajaunganishwa na chochote kuhusu kampuni ya London iliyomwandikia mwenyekiti wa kikundi kimoja cha nyuki. Alijibu bila kusita: mwaka wa kuanzishwa, jina la mkurugenzi, mtaji, hata sifa njema sokoni. Namba ya usajili aliyotoa ilikuwa na tarakimu saba. Namba za Companies House, msajili wa makampuni wa Uingereza, zina nafasi nane.

Mama Mwenyekiti alikuwa amekaa pembeni akisoma kwenye skrini. Akasema, "Mwanangu, mimi sitaki aniambie hawa watu ni wazuri. Aniambie wameandikwa wapi." Nimeibandika kauli hiyo juu ya meza ya kazi, kwa sababu ndiyo mradi wenyewe.

17 Julai

Siku ya kuchagua madaftari ya kuanzia.

Uingereza iko juu ya orodha. Companies House ilifungua data zake bure mwaka 2015, na ufunguo wa kuzisoma kwa programu hutolewa bila malipo. Tangu Aprili 2016 makampuni ya kule yanatakiwa pia kutaja watu wenye udhibiti, yaani kwa kawaida wale wenye zaidi ya asilimia 25 ya hisa au kura. Norway ni rahisi zaidi, kwani daftari la Brønnøysund linasomeka bila hata ufunguo. Ufaransa nayo ina huduma ya wazi ya kutafuta makampuni. Ujerumani tumeiacha kwanza. Tangu Agosti 2022 mtu anaweza kuangalia daftari lao la biashara bure, lakini kurasa zile zimetengenezwa kwa macho ya mtu, na sitaki tuanze kwa kukwangua, yaani kuvuna data kwa programu, tovuti ya serikali ya watu.

Tumeongeza GLEIF, wanaosimamia LEI, kitambulisho cha kimataifa cha makampuni chenye herufi na tarakimu 20. Kampuni nyingi ndogo hazina LEI. Zilizo nayo huonyesha na kampuni mama, na hapo tunavuka mpaka wa nchi kwa hatua moja.

Jambo la kuwaeleza watumiaji mapema ni kwamba kina cha taarifa hakilingani. Tarehe 22 Novemba 2022 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kuwafungulia watu wote taarifa za wamiliki manufaa, yaani watu halisi walio nyuma ya kampuni, kunaingilia faragha kupita kiasi, na nchi kadhaa zikafunga milango. Kwa hiyo msaidizi akikutajia mmiliki wa kampuni ya London na kushindwa kumtaja wa kampuni ya Ulaya bara, asidhaniwe amezembea.

22 Julai

Seva, yaani programu yetu inayopeleka maswali kwa wasajili, imeanza kuongea. Tunatumia Model Context Protocol, kwa kifupi MCP, itifaki ya wazi iliyotangazwa na Anthropic Novemba 2024 na baadaye kupokelewa na wengine, OpenAI wakiwemo. Tumeipenda kwa sababu tunaandika seva mara moja, na msaidizi yeyote anayeijua itifaki hii anaweza kuitumia. Seva inamwambia msaidizi: nina zana hizi, kila moja inafanya hiki, inahitaji taarifa hizi. Msaidizi akiona swali linahitaji zana, anatuma ombi, seva inakwenda kwa msajili na kurudi na rekodi. Ufunguo wa Companies House unabaki ndani ya seva, msaidizi haugusi wala hauoni.

Zana tumezifanya chache kwa makusudi: tafuta_jina, soma_kampuni, soma_viongozi, soma_wamiliki, soma_nyaraka. Kilichotuchukulia muda ni maelezo ya kila zana, kwa sababu msaidizi huyasoma na kuyafuata. Maelezo ya soma_kampuni sasa yanasema hivi: "Tumia zana hii ukiwa na namba ya usajili na nchi. Ukiwa na jina peke yake, anza na tafuta_jina, mwonyeshe mtumiaji majina yote yanayofanana, na usimchagulie." Kabla ya sentensi ya mwisho kuwekwa, msaidizi alikuwa akichukua jina la kwanza kwenye orodha na kuendelea nalo. Makampuni yenye majina yanayokaribiana ni mengi mno Uingereza, na mwaka huu wa 2025 kuandikisha moja kwa mtandao kuligharimu pauni 50 tu.

25 Julai

Namba zote zihifadhiwe kama maandishi. Namba ya Companies House inaweza kuanza na sifuri, na programu za majedwali huila sifuri hiyo ya mbele. Za Uskoti zinaanza na SC, za Ireland ya Kaskazini NI. Limekwisha hilo.

30 Julai

Leo ilikuwa siku ya namba zenye tarakimu tisa. Imetusumbua, lakini imetufundisha mengi.

Mkamuaji mmoja wa alizeti alituma picha ya ankara. Chini ya jina la kampuni palikuwa na namba ya tarakimu tisa, bila maelezo. Namba ya kampuni ya Norway ina tarakimu tisa. SIREN, namba ya kampuni ya Ufaransa, ina tarakimu tisa. Na TIN yetu, namba ya mlipakodi ya TRA, ina tarakimu tisa pia. Msaidizi aliipeleka Norway, hakupata kitu, akaipeleka Ufaransa, akapata kampuni, akaileta kwa furaha. Ankara ilikuwa ya wakala wa usafirishaji wa hapa hapa Tanzania, na namba ilikuwa TIN yake.

Dawa tumeiweka sehemu mbili. Kwanza, hakuna zana inayokubali namba bila nchi, na nchi lazima itoke kwa mtumiaji au kwenye hati yenyewe. Pili, namba inapimwa kabla ya kutumwa. SIREN na namba ya Norway zote zina tarakimu ya mwisho ya kuhakiki zilizotangulia, ila kanuni za hesabu ni tofauti. Kipimo hiki kinanasa makosa ya kuchapa, lakini hakithibitishi kwamba namba ni ya nchi fulani. Kwa bahati tu, namba moja kati ya kumi hupita kipimo cha SIREN. Kwa hiyo hatua ya mwisho ni kulinganisha jina lililorudi na jina lililo kwenye hati. Yasipofanana, msaidizi anasimama hapo na kusema hayafanani. Hatafuti sababu ya kuyafananisha.

4 Agosti

Intaneti ilikuwa ya shida tangu asubuhi, tukaamua kujaribu njia ya pili. Companies House hutoa kila mwezi faili kubwa la taarifa za msingi za makampuni, linalopakuliwa bure. Ukilihifadhi ofisini, unatafuta majina bila kutoka nje.

Limefanya kazi vizuri, lakini lina mtego ambao kila anayejenga kitu kama hiki aujue. Faili lile lina makampuni yaliyo hai tu. Kampuni iliyofutwa haimo kabisa. Mtu akiuliza jina na lisionekane, maana yake inaweza kuwa haikuwahi kuandikishwa, au iliandikishwa ikafutwa mwaka jana, na kwa muuza nta hizo ni habari mbili tofauti kabisa. Kwa hiyo utafutaji wa ndani sasa haurudishi neno "haipo". Unarudisha: "Haimo kwenye nakala ya makampuni hai ya mwezi huu. Angalia daftari kamili mtandao ukirudi."

9 Agosti

Jana tulikuwa Nzuguni kwenye Nane Nane, tukawaonyesha watu. Maswali karibu yote yalikuwa ya nyumbani. Hakuna aliyetaka kujua ya Norway. Mzee mmoja mwenye mashine ya kukamua aliuliza, "Huyu anayeniuzia mitambo kutoka Dar naye mnamwona?"

Kwa makampuni ya Tanzania tumeamua mtu ndiye aingie kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, si programu. Usajili ulihamia mtandaoni kupitia mfumo wao wa ORS mwaka 2018. Unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unaomba taarifa unayoihitaji, unalipia kwa kumbukumbu namba. Hati ikitoka, mwenzetu wa ofisini anaipandisha kwenye mradi pamoja na tarehe, na msaidizi anasoma hati ile peke yake. Inachelewa, lakini ni njia halali na kila mtu anajua nani aliomba nini.

Kilichonigusa zaidi jana ni namna watu wanavyochanganya vitu. Mtu anasema "kampuni yangu imesajiliwa" na kukuonyesha cheti cha TIN. Mwingine ana leseni ya biashara ya halmashauri. Wengi wana jina la biashara, ambalo BRELA pia ndiyo inasajili, ila kwa Sheria ya Majina ya Biashara, Sura ya 213. Kampuni iko chini ya Sura ya 212. Ukimkopesha mwenye jina la biashara, unamdai yeye mwenyewe, na nyumba na shamba lake vimo. Ukiikopesha kampuni, kwa kawaida unaidai kampuni tu, na mwanahisa hudaiwa kile alichobakiza kulipia hisa zake. Mkulima anayekopesha magunia mia hadi mwisho wa mwezi anastahili kuambiwa hili kabla ya kupakia. Kwa hiyo jibu lolote la kampuni ya nyumbani sasa linaanza na mstari mmoja: hii ni kampuni, au hili ni jina la biashara, au hati uliyoleta haionyeshi.

Swali la wamiliki lilikuja pia. Sheria ya Fedha ya 2020 iliingiza wajibu wa makampuni kupeleka kwa Msajili taarifa za wamiliki manufaa. Lakini kupelekwa kwa Msajili si kuwekwa wazi kwa kila mtu, na msaidizi anaambiwa hivyo.

13 Agosti

Tumeketi na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu 1 Mei 2023. Rekodi za viongozi wa makampuni zina majina, anwani, na kwa Uingereza mwezi na mwaka wa kuzaliwa. Kuwa wazi kwenye daftari hakutupi ruhusa ya kuzirundika huku. Seva inachukua jina, cheo, tarehe ya kuingia na kutoka. Anwani na tarehe za kuzaliwa hazifiki kwa msaidizi. Hatujengi orodha ya watu, na mtu hawezi kuanza na jina la mtu na kuomba yote yanayomhusu. Lazima aanze na kampuni anayotaka kufanya nayo biashara.

Kijana mmoja katika timu aliona tunajibana sana. Tulibishana kwa muda, na bado anaamini hivyo. Mimi sijabadili msimamo.

19 Agosti

Kampuni ya London imerudi mezani, safari hii kwa namba halisi ambayo Mama Mwenyekiti aliiomba kutoka kwa mnunuzi mwenyewe. Mnunuzi anataka nta ipakiwe sasa, malipo yafanyike siku 60 baada ya mzigo kufika.

Jibu la kwanza la msaidizi lilikuwa fupi: kampuni ipo, jina linalingana, hali ni hai. Kila neno lilikuwa la kweli. Nikafungua rekodi ghafi. Kwenye data za Companies House kuna sehemu mbili za hali: moja inasema hali ya kampuni, nyingine inatoa undani wa hali hiyo. Ya kwanza ilisema hai. Ya pili ilisema kuna pendekezo la kuifuta. Seva yetu ilikuwa inapeleka ya kwanza tu.

Hiyo sehemu ya pili ndiyo iliyobeba habari yote. Msajili wa Uingereza akiona kampuni haijaleta hesabu na haijibu barua, hutangaza kwenye Gazette, gazeti rasmi la matangazo ya serikali, kwamba ataifuta, na usipokuja pingamizi anaifuta baada ya miezi miwili. Ikishafutwa, mali iliyobaki inakwenda kwa Taji la Uingereza, yaani dola. Mdai anaweza kuomba mahakama iirudishe kwenye daftari ndani ya miaka sita, lakini nani atatoka Manyoni kwenda kufungua shauri London kwa ajili ya nta?

Tulipomsomea, Mama Mwenyekiti hakuuliza kuhusu sheria. Aliuliza, "Mzigo unakaa baharini zaidi ya mwezi. Ongeza siku sitini. Siku ya kulipwa wenyewe watakuwepo?"

Hilo ndilo swali ambalo daftari haliwezi kujibu, na msaidizi asijaribu. Tumebadilisha seva ipeleke sehemu zote mbili, tarehe ya hesabu zinazofuata, na kama zimechelewa. Kisha tumemwelekeza msaidizi aseme tangazo lipo, la tarehe fulani, na kwamba mara nyingi matangazo haya hutokana na kuchelewesha hesabu. Neno "tapeli" haruhusiwi kulitumia, wala "salama". Mama ameandika barua: anaomba nusu ya malipo kabla ya kupakia, na anauliza waziwazi kuhusu tangazo la Gazette.

21 Agosti

Usalama. Maandishi ya daftari yanaandikwa na watu wa nje, na msaidizi anayasoma. Desemba 2016 kuna mtu Uingereza aliandikisha kampuni ambayo jina lake lenyewe ni amri ya kufuta jedwali la data. Kwa msaidizi wa akili unde hatari inachukua sura nyingine: jina la kampuni au maelezo ya hati yanaweza kubeba sentensi ya kumwelekeza afanye jambo. Seva yetu inafunga kila kilichotoka kwa msajili ndani ya alama zinazosema hii ni data, na zana zote zinasoma tu. Hakuna zana inayoweza kutuma barua, kulipa au kufuta. Hata akidanganyika, mikono yake ni mifupi.

27 Agosti

Vijana wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wamekaa nasi kujaribu kuyavunja majibu, na wameifanya kazi hiyo kwa moyo.

Udhaifu walioupata mara kwa mara ni ule ule: msaidizi hapendi pengo. Rekodi isipotaja shughuli ya kampuni, anaikisia kutoka kwenye jina. Isipotaja mtaji, anaandika "mtaji wa kawaida". Kumwambia "usibuni" kumesaidia kidogo tu. Kilichosaidia ni kubadili umbo la jibu. Sasa kila taarifa inakaa kwenye mstari wake pamoja na daftari ilikotoka na saa iliposomwa. Kisha inafuata sehemu ya makisio ya msaidizi, ikitajwa hivyo. Mwisho ni yale ambayo daftari halisemi. Taarifa isiyo na daftari na saa, seva inaikataa kabla haijamfikia mtumiaji.

Tumegusa pia kikomo cha Companies House, maombi 600 kwa kila dakika tano. Kwa matumizi ya kawaida hatufiki huko. Tulifika kwa sababu msaidizi alifuata kila mkurugenzi hadi kila kampuni yake nyingine. Tumeweka mwisho: kampuni iliyoulizwa, na hatua moja zaidi mtumiaji akiomba.

Watumiaji tunawaeleza jambo moja zaidi kuhusu Uingereza. Kwa miaka mingi Companies House ilipokea ilichopelekewa bila kuhakiki utambulisho wa anayepeleka. Sheria ya 2023 ya uhalifu wa kiuchumi imeanza kubadilisha hilo, na kuanzia 18 Novemba 2025 wakurugenzi wapya wanatakiwa kuthibitisha utambulisho wao, waliopo wakipewa mwaka wa mpito. Jina lililo kwenye daftari leo linaonyesha kilichoandikwa. Aliyeandika anaweza kuwa mtu mwingine.

2 Septemba

Mnunuzi wa London amejibu. Anasema mhasibu wake alichelewesha hesabu, zimeshapelekwa. Tumesoma daftari upya: hesabu zipo, na kwenye orodha ya nyaraka imeongezwa taarifa kwamba hatua ya kuifuta imesitishwa. Jibu la 19 Agosti na la leo ni tofauti, yote mawili sahihi kwa siku yake, na tumeyahifadhi yote mawili kwenye faili la kikundi. Mnunuzi amekubali kulipa theluthi moja kabla ya kupakia. Mama Mwenyekiti aliomba nusu, anaendelea kuvutana naye.

Kinachofanya kazi leo: Uingereza, Norway, Ufaransa na GLEIF kwa kusoma moja kwa moja, na hati za BRELA kwa mkono. Kinachofuata ni ufuatiliaji. Kampuni ambayo kikundi kina mkataba nayo isomwe kila wiki, na hali yake ikibadilika, katibu apate ujumbe mfupi wa kawaida kwenye simu, kwa sababu Itigi si kila mtu ana data kila siku. Kwa LEI tutaongeza tarehe ya kuhuishwa, maana inatakiwa kuhuishwa kila mwaka na nyingi tunazokutana nazo zimepitwa na muda. Wakamuaji wa Kibaigwa wameomba tuanze na wauzaji wa mitambo wa Dar es Salaam, na orodha ya majina wameileta leo mchana.